Papai la Siku ya Tatu

"Nyama yangu mmeila! Siku ishirini na moja naiotesha, ninyi mmeila kwa siku tatu!"

Hayo ni maneno ya wifi yangu, asubuhi ya Alhamisi, bandeji inaning'inia mkononi mwake na mguu wa mume wangu uko juu ya kigoda mbele yake. Asiyemjua angedhani tumemwibia kitoweo.

"Dada, mguu ni wangu mimi," mume wangu akajitetea.

"Kuanzia kifundoni kushuka chini ni wangu. Wako ni ule mwingine. Nyamaza."

"Wifi, punguza sauti, nje kuna wagonjwa," nikasema.

"Acha wasikie! Waje waone mpishi alivyompika mumewe."

Nikafyata mkia, maana alikuwa amegusa penyewe. Jumamosi alikuwa amekiacha kidonda kile chekundu cha afya, kama ulimi wa paka. Sasa kilivuja damu, na kingo zake zilikuwa zimefura nyeupe kama nyama iliyochovywa maji ya moto. Akainama, akakinusa. Alikuwa na desturi ya kunusa kila kidonda kabla hajakigusa, kama mtu anayenusa maziwa kujua yamelala au la.

"Huu ni utomvu," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini, ndiyo iliyonitisha. "Hamkulikwaruza papai. Mmelikamua."

Wifi yangu huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Kazi yake ilikuwa kuosha na kufunga vidonda katika kituo cha afya, na watu walimwita Mama Maji. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Dirisha moja, sinki yenye bomba la kufungua kwa kiwiko, benchi, jiko dogo la gesi, na sufuria mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu MAJI na VITAMBAA. Ukutani alitundika kikwaruzo cha chuma, kile cha karoti, na ole wake mtu atakayekiazima.

Jina la Mama Maji alilipata kwa haki. Mgonjwa alikuwa anaingia na jani mkononi, mwingine na chupa ya mafuta aliyouziwa kituo cha mabasi, anaanza hadithi ya jinsi dawa ile ilivyomponya mjomba wa jirani yake. Wifi anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamuuliza, "Umekiosha?" Basi. Swali lenyewe ndilo hilo. Maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa chumvi kidogo, na muda. Alikuwa anaosha kidonda kimoja nusu saa. Watu walisifu majani yake, yeye alilalamika mpaka mate yakamkauka kwamba hakuna anayesifu maji.

Sababu anayo mkononi. Alipokuwa na miaka tisa alimwagikiwa na uji wa moto kwenye mkono wa kulia. Majirani walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake: huyu dawa ya meno, huyu unga, huyu chumvi na yai. "Kila mtu alileta dawa," alikuwa anasema, "hakuna aliyeleta maji." Mkono ukapona vibaya. Kidole cha mwisho na kinachokifuata havinyooki mpaka leo, na koleo lake la kutolea uchafu analishika kwa vidole vitatu, kama mtu anayeshika uzi wa sindano.

Shule aliishia darasa la nne. Mume alifariki mapema, hawakuwa wamepata mtoto, akaenda kufagia katika hospitali kubwa, wadi ya walioungua. Huko kulikuwa na muuguzi mmoja mzee. Dawa zilipokwisha, na zilikuwa zinakwisha kila mwezi, muuguzi yule alituma watu sokoni wamletee mapapai mabichi, anayakwaruza, anayatandaza juu ya nyama iliyokufa, anafunga. Kesho yake ile nyama nyeusi inatoka yenyewe bila kisu. Wifi alisimama na fagio lake akitazama. Mwaka wa kwanza alitazama, wa pili akapewa kushika beseni, wa tatu akapewa koleo. Ndiyo shule yake hiyo, na vyeti vyake ni watoto waliotoka wadi ile wakitembea.

Kwa hiyo alijua, na alijua mipaka ya anachojua. Papai bichi lina kitu ndani yake kinachoyeyusha nyama iliyokufa. Kazi yake ni kusafisha, si kuponya, na pakishasafika linaondoka. Asali nzito inafuata, inakausha majimaji, wadudu hawaistahimili. Mshubiri ulikuwa wa walioungua kidogo tu, wale wa mkono kugusa sufuria. Alikata jani, akalisimamisha kwenye kikombe mpaka yale maji ya njano machungu yashuke, ndipo akachukua ute wa ndani. Manjano hayakuingia chumbani kwake kabisa.

"Si kwamba ni mabaya," aliniambia. "Yanapaka rangi, na mimi nasoma rangi. Nikikupaka manjano nitasoma nini?"

Mwenye sukari, mwenye kidonda kinachonuka mfupa, mwenye homa, hao hakuwashika. Aliwaandikia karatasi waende hospitali, na asiyekwenda alimfuata kwake kumtukana.

Halafu kulikuwa na daftari, kubwa, la jalada gumu. Kila kidonda kilipata mstari wake: tarehe, rangi, harufu, kilichowekwa, na ukubwa. Ukubwa alipima kwa uzi mweupe. Anauzungusha juu ya shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kufuata kingo, anafunga fundo, na kila wiki fundo jipya. Uzi anaubandika ukurasani. Ukifungua daftari lile unaona nyuzi zimejaa mafundo, yanazidi kusogeleana, na hapo ndipo unaona nyama ya mtu inavyofunga.

Sasa, alikuja daktari mpya, kijana, mpole, miwani safi kuliko madirisha ya kituo. Hakumdharau wifi. Ila alisema hawezi kuacha mapapai kwenye chumba cha tiba kwa sababu tu watu wameyazoea. Akampa miezi mitatu. Achague kidonda kimoja kigumu, akitibu mbele ya macho yake, na siku ya mwisho daktari akikague. Kikiwa kimefunga vizuri, chumba kitaendelea. La sivyo, papai na asali vitatoka, na yeye atahamia kazi nyingine.

Kidonda kigumu kikajileta chenyewe. Mume wangu ni mchomeleaji wa vyuma. Kipande chekundu kilidondoka ndani ya buti lake, na mpaka alivue, kwenye mgongo wa mguu kulikuwa kumeungua kukawa kweusi. Daktari mwenyewe akasema, "Mama, chukua huu." Miezi mitatu ya daktari ilikuwa inaishia Ijumaa, siku ya ishirini na saba tangu aungue.

Kufika Jumamosi kabla ya hapo mguu ulikuwa umeota nyama nyekundu kote, isipokuwa kona moja karibu na kidole gumba, nyeusi, ukubwa wa kucha. Siku hiyohiyo wifi akatumwa kituo cha mbali kusaidia chanjo, siku tano. Wa kumshikia zamu hakuwepo. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kidonda hakitibiwi nyumbani, na hiyo kanuni hakuwahi kuivunja kwa mtu yeyote. Aliivunja kwa ndugu yake. Akanikabidhi papai, shashi zilizochemshwa, na chupa ya asali.

"Papai siku mbili, kwenye kona tu, limekwaruzwa. Siku ya tatu usiliguse tena, weka asali kote. Umenielewa?"

"Wifi, mimi na papai tumejuana kabla yako."

Na hilo ndilo lililotuponza. Mimi ni mpishi wa shule. Nyama tunayoletewa inatoka kwa ng'ombe aliyezeeka akisubiri kustaafu, na bila papai bichi watoto wangeitafuna mpaka likizo. Najua ukiliweka dakika kumi nyama inalainika, na ukitaka haraka unalichanja ganda, unadondosha ule ute mweupe, ndio wenye nguvu. Jumapili jioni nikafungua bandeji nikaona kona imesafika karibu yote, kimebaki kivuli. Nikajiambia, siku mbili limefanya haya, likiongezwa nguvu si litamaliza? Jumatatu, siku ya tatu, sikuweka asali. Nikalichanja papai, nikadondosha utomvu, na si kwenye kona tu. Nikapaka mguu mzima, kama mtu anayetia viungo. Jumanne pia, Jumatano pia.

"Linawasha," mume wangu alisema.

"Dawa isiyowasha ni maji ya kunywa," nikamjibu.

Basi Alhamisi tukasimama mbele ya wifi. Nilimweleza, kwa kifupi, macho yangu yakiwa kwenye kikwaruzo. Hakunitukana tena. Aliosha mguu ule kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiosha chochote, akaweka asali, akafunga.

"Papai halina macho," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Linakula iliyokufa, na ukiliachia linaparua iliyo hai. Macho ni ya anayeliweka."

"Kesho utamwambia nini daktari?"

"Kesho haijafika."

Ilifika. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama mguu. Wifi alikuwa amefungua daftari kwenye ukurasa wenyewe, uzi wenye mafundo matatu ukiwa umebandikwa pale.

"Nani aliweka nini hapa?" daktari akauliza.

"Papai, daktari. Limezidi."

"Nani alilizidisha?"

Sakafuni kulikuwa na ufa unaoanzia mguu wa benchi mpaka mlangoni. Niliufuata kwa macho wote, kwenda na kurudi. Mdomo wangu huu, ambao wauza nyanya sokoni wakiuona unakuja wanaficha mizani, ulikauka. Mume wangu akavuta pumzi aseme, na dada yake akamkandamiza goti.

"Mimi," wifi akasema. "Kidonda ni changu na kosa ni langu."

"Mama, nakuheshimu," daktari akasema, na ilionekana kweli hapendi anachokisema. "Miaka yako ya kazi inakaribia umri wangu. Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Akachukua kalamu, akaandika mbele yetu kwa mwandiko wake wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa: *Papai siku tano. Limeparua nyama mpya. Kosa la mfungaji.*

Tulipotoka nikamshika mkono kwenye korido. "Wifi, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nilikiuka kanuni yangu nikampa kidonda mtu asiye wa kazi? Hilo ni kosa langu, na nimeliandika. La kwako lilikuwa na nafasi yake mle ndani. Huku korido hakuna anayeandika." Akautoa mkono wake, taratibu, bila hasira. Ingekuwa afadhali angeuvuta.

Mguu wa mume wangu ulipona. Hospitali kubwa walimtoa ngozi kidogo pajani wakambandika, wiki kumi, na leo anatembea, anachechemea siku za baridi tu. Hatari yake ilipita. Ya dada yake ndiyo iliyobaki. Walimhamishia dirisha la kadi.

Dirisha lile lina nondo na tundu la chini la kupitishia mkono. Wifi alikaa nyuma yake zaidi ya miezi minane, anaandika majina, anagonga muhuri. Watu wake wa zamani walipita hapo, wengine wanainua gauni au kukunja suruali wamwonyeshe vidonda kupitia nondo, kama mtu anavyomwonyesha mama yake nguo iliyochanika.

"Mama Maji, hebu kitazame tu."

"Mimi ni wa kadi. Jina lako nani?"

"Mama, jina langu si unalijua!"

"Nalijua. Litaje niandike."

Alikuwa mgumu hivyo. Wengine walimfuata nyumbani kwake, wanagonga na mapapai kwenye mifuko. Aliwarudisha wote. "Nyumbani sitibu," alisema. "Nilitibu nyumbani mara moja." Nilikuwepo siku moja aliposema hivyo, nimekaa kwenye kiti chake, na hakunitazama. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana vizuri. Wifi habari, nzuri wifi, watoto hawajambo, hawajambo. Salamu zetu zilikuwa zimeoshwa mpaka hazina ladha.

Mmoja wa watu wake alikuwa mpakia mizigo wa soko la mboga, mrefu ajabu, wenzake walimwita Ngazi. Kreti lilimgonga muundi miaka miwili nyuma na jeraha likakataa kufunga. Wifi alikuwa amelipunguza kwa maji na asali na subira. Uzi wake daftarini ulikuwa na mafundo kumi na moja, na lile la mwisho lilizunguka mahali padogo kuliko kifuniko cha soda. Chumba kilipofungwa, Ngazi alitakiwa aje na vitambaa vyake kutoka duka la dawa. Kila siku ikawa kila wiki, kila wiki ikawa akikumbuka. Kidonda kikafunguka upya, kikaweka weusi.

Siku alipokuja dirishani amebebwa na wenzake wawili, wifi hakumuuliza jina. Alitoka nje. Aliinama pale kwenye foleni, mbele ya watu wote, akanusa.

"Ngazi. Umeweka nini?"

"Papai, Mama. Si dawa yako?"

"Umelikwaruza?"

"Nimelichanja. Nikachukua ule ute wake mweupe. Niliona ndio wenye nguvu."

"Nani kakwambia ndio wenye nguvu?"

"Akili yangu tu, Mama." Na akacheka kidogo, mwili ukimwaka homa. "Wiki mbili naweka. Linawasha, nikajua linafanya kazi."

Walimpeleka hospitali kubwa siku ileile. Baada ya siku nne wakamkata mguu chini ya goti.

Wifi ndiye aliyekuja kuniambia. Alinifuata kazini, jikoni kwa shule, mchana, watoto wamekwisha kula na mimi nasugua sufuria kubwa, nimeingiza nusu ya mwili wangu ndani. Alisimama kwenye kizingiti. Alinieleza yote, alivyoulizwa na alivyojibu, neno kwa neno. Kisha akasema, "Akili yake na yako zimesoma darasa moja."

Nilitoa kichwa sufuriani. Maji yalikuwa yananitiririka mpaka kiwikoni.

"Wifi, mimi sikumwambia. Sijawahi kuongea na Ngazi."

"Najua hukumwambia." Alikaa kwenye gunia la mchele, mzito, kama mtu aliyetembea tangu asubuhi. "Hakuna aliyemwambia. Ndilo ninalokueleza. Daftari limesema papai limezidi. Daktari kasoma, kaliondoa papai. Hakuna mahali palipoandikwa utomvu. Hakuna aliyebandika mlangoni: utomvu unaunguza. Mimi nilikuwa nalijua, wewe ulikuwa unalijua, na Ngazi hakulijua."

"Ungeandika."

"Ningeandika wewe hujasema? Kisha daktari akuulize ukatae, mume wako awe shahidi kati ya dada na mke?" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nakusubiri. Leo naona na mimi nilikosea kusubiri."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na alipoona nalia akaniambia nisidondoshe machozi kwenye sufuria ya watoto, kisha akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilifunga kanga yangu vizuri, nikamwachia msaidizi wangu jiko, nikaenda. Nilikaa foleni kama wengine. Wifi ndiye aliyeniandikia kadi.

"Unaumwa nini?" akaniuliza kupitia nondo, maana lazima aulize.

"Nataka kumwona daktari."

"Naandika nini?"

"Andika mdomo."

Akanitazama mara moja, akaandika, akagonga muhuri.

Daktari aliposikia si jino alirudi nyuma kwenye kiti. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Papai alilonipa wifi, siku mbili alizoniambia, siku ya tatu, utomvu, mguu mzima, siku tatu. Sikupunguza. Nilimwambia na lile la dawa isiyowasha.

"Kwa nini unaniambia leo?" akauliza. "Miezi saba hii?"

"Kwa sababu Ngazi kakatwa mguu."

"Mguu wa Ngazi ulikuwa na mengi. Kidonda cha miaka miwili, homa iliyochelewa, na sisi tuliomwambia anunue vitambaa." Akachukua kalamu. "Lakini hilo la utomvu ningelijua, ningelisema kwa kila mgonjwa aliyepita humu."

"Ndiyo, daktari."

"Keti. Ulichanja papai la ukubwa gani? Matone mangapi? Kingo ziligeuka nyeupe siku ya ngapi?"

Nilikaa. Aliniuliza kama polisi, na aliandika yote. Nilishangaa: nilidhani nimekuja kuungama, kumbe nimekuja kutoa habari iliyokuwa inatakiwa.

"Mama alijua?" akauliza mwisho.

"Alijua tangu alipofungua bandeji. Alinusa."

"Na akasema ni yeye."

"Alisema kidonda ni chake. Na alinipa nitibu nyumbani, hilo ni kweli, hilo hajalikana. La kwangu ndilo nililomwachia alibebe."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Hakuniambia kitu cha kunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Mambo ya ofisi hayaendi mbio. Ilichukua mwezi na nusu, barua zikaenda, barua zikarudi. Mwisho wake wifi alirudishiwa chumba siku tatu kwa wiki. Asali imeruhusiwa, ikiletwa kwenye chupa zilizofungwa na kupimwa. Mshubiri umeruhusiwa kwa kuungua kudogo. Papai bado linajadiliwa, na mpaka jibu lije kikwaruzo kinaning'inia ukutani bila kazi. Mlangoni kuna karatasi kubwa, daktari ameiandika mwenyewe: UTOMVU WA PAPAI UNAUNGUZA. USIWEKE KWENYE KIDONDA. Wagonjwa wanaisoma kwa sauti wakisubiri zamu, na wasiojua kusoma wanasomewa.

Siku ya kwanza ya kufungua nilikwenda kumsaidia kusugua sakafu, kwa sababu kwa miezi minane na zaidi watu walikuwa wameweka humo mafagio tena. Tulisugua bila maneno mengi. Ngazi alikuwa tayari benchini nje, magongo yake yameegemea ukuta, amekuja kufungwa kisiki cha mguu. Sauti yake kubwa ilikuwa inawaambia watu kwamba siku hizi viatu vinamdumu mara mbili. Wengine walicheka. Wifi alisimamisha brashi, akasikiliza mpaka kicheko kilipokwisha, akaendelea kusugua.

Tulipomaliza alikausha mikono, akatoa daftari kabatini, akalifungua ukurasa wa mume wangu. Uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Akanisogezea kalamu.

"Hapa chini pana mstari," akasema.

Nikaandika: *Siku ya tatu, ya nne na ya tano halikuwa papai lililokwaruzwa. Ni utomvu, na niliutia mimi, mke wa mgonjwa. Niliambiwa niweke asali.* Mwandiko wangu si wa kujivunia.

Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Lile lako nilifute?" nikauliza. "La kosa la mfungaji?"

"Liache. Nilikupa papai." Aliupulizia wino mpaka ukakauka. "Tia sahihi."

Nikatia. Akafunga daftari, akalirudisha kabatini, akafungua bomba kwa kiwiko, maji yakaanza kutoka.

"Sikudai tena kitu, wifi," akasema. "Mwite Ngazi."